Mtoto Asiyetumwa

Harufu ya maji yaliyolala kwenye chungu hunirudia hadi leo. Ukifunua kifuniko asubuhi, inakupanda puani harufu ya udongo uliolowa na ya kata iliyozeeka, na kabla hujanywa umeshapoa. Mwezi uliopita tulimzika bibi yangu, na nilipofika nyumbani kwake Uriri nilikitafuta chungu kile kabla sijamtafuta mtu. Kilikuwa pale pale, nyuma ya mlango. Sijafikisha hata mkono, mke wa binamu yangu akanishika bega kwa upole, akanirudisha kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, akaniletea maji ya chupa. Alisema matumbo ya watu wa mbali hayayajui maji ya hapa. Nikanywa ya chupa, nifanye nini? Niliwahi kufanywa mgeni katika boma lile zamani, na mara hiyo ya kwanza nilikuwa sijaenda hata popote.

Nililelewa na Dani. Ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Mama yangu alikuwa nesi, akaenda kufanya kazi Uingereza nikiwa mdogo sana, kiasi kwamba nilimjua kwa sauti tu, sauti iliyotoka kwenye simu ya jirani mara moja moja, ikikatika katikati ya neno. Dani, mama yake, alikuwa mwanamke mfupi, mkali, Msabato wa kweli aliyeficha ugoro wake ndani ya kopo la majani ya chai, akidhani hatujui. Nyinyi mliolelewa na bibi mnanielewa nikisema kwamba mtoto wa bibi hulelewa kwa kutumwa. Lete kata. Kaombe moto kwa jirani. Angalia kama ndama amejifungua kamba. Rudi hapa, umeacha mlango wazi. Alinituma hata kitu kikiwa karibu naye kuliko mimi. Nikitoka chemchemini na maji, hata niwe nimejaza jerikeni mpaka inamwagika, angeinyanyua, angeitikisa, na angesema sijaijaza. Na akiwa na furaha aliniita nyieka, yaani mke mwenza, maana kwetu bibi na mjukuu wake wa kike hutaniana kana kwamba wanagombea mume mmoja. Nyieka umekawia, ulikuwa unamsimulia nani mambo ya nyumba yetu? Nami nilinung'unika, na bado nilikwenda mbio.

Basi siku moja Mama akasema kwenye simu kwamba karatasi zangu zimekubaliwa na nitamfuata. Dani alirudisha simu ya watu, akaenda kupalilia shamba ambalo tulikuwa tumelipalilia juzi yake.

Aliyejua mambo ya Ulaya katika ukoo wetu alikuwa Anti Rose, mdogo wake Mama, aliyekuwa na kibanda cha nguo Homa Bay. Alikuwa amefanya kazi ya nyumba kwa Wazungu Nairobi, akawafulia, akawapikia na kuwalelea mtoto, na kwa hiyo kwetu yeye ndiye aliyekuwa profesa. Alikuja kunitayarisha akiwa na mkoba wenye uma na kisu vilivyofungwa kwenye kitambaa. Masomo yalianza siku hiyo hiyo.

Kule, alisema, mtoto akizungumza na mkubwa anamtazama machoni, asipomtazama wanajua anadanganya. Nikashangaa, maana kwetu mtoto anayemkodolea mkubwa macho anatafuta kofi. Kule huendi kwa mtu mpaka umwambie kwanza siku na saa. Nikamuuliza, na moto wenu ukizimika? Akasema kule moto hauzimiki. Kule mbwa analala ndani ya nyumba na ana daktari wake. Kule ukiulizwa habari yako unasema nzuri, kisha unanyamaza, hawataki kusikia mambo ya ng'ombe wala ya mgongo wa bibi yako. Kule hakuna kula sinia moja, kila mtu na sahani yake. Kule ukikaribishwa chakula na umeshiba, unasema hapana asante, na hakuna anayenuna. Na kule kila mtoto ana chumba chake, analala humo peke yake. Binamu zangu wawili wadogo walisikiliza midomo wazi. Mwanzoni nilicheka nao. Tulicheka zaidi aliponitaka nile omena kwa uma, nikawa namfukuza dagaa mmoja sahani nzima kama kuku aliyetoroka siku ya sikukuu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililoanza bila kutangazwa. Nilianza kuliona asubuhi moja Dani aliposema maji yamekwisha. Nikasimama, kwa mazoea tu. Dani akamwita binamu yangu mdogo, mtoto ambaye jerikeni ilimfika kiunoni, akampa yeye. Mimi akaniambia, "Emily, kaa." Emily ni jina langu la kanisani, lililoandikwa kwenye pasipoti, na Anti Rose alikuwa amewaagiza wote waniite hivyo ili nilizoee. Nikakaa. Nilidhani ni mara moja tu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Sikutumwa maji, sikutumwa kuni, sikutumwa hata chumvi dukani. Niliondolewa kwenye mkeka nikawekwa kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa kilichofumwa, na miguu yangu ikaning'inia. Nililetewa yai la kuchemsha. Kuku alipochinjwa nilipewa paja, na binamu zangu wakalitazama likishuka.

Kuna msemo tunaoujua sote, kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niliingoja hiyo ya tatu. Ikapita, jembe likabaki ukutani.

Sasa lazima niwaambie habari za Akoth, la sivyo hamtaelewa kilichonipata. Akoth alikuwa binti wa mjomba wangu, msichana mkubwa, naye pia alilelewa na Dani. Kabla sijapata akili ya kutumwa, aliyetumwa alikuwa yeye. Kisha akaenda Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, kuwapikia wachimbaji chai na chapati. Alirudi amekonda, anakohoa. Na tangu aliporudi Dani hakumtuma tena. Alikaa kwenye kiti kile chenye kitambaa. Aliletewa yai la kuchemsha na supu ya kuku. Wanawake wa kanisani walikuja Jumamosi mchana, wakamwekea mikono kichwani, wakaomba. Anti Rose alimletea blauzi mpya kutoka Homa Bay, na mpiga picha akampiga picha ameivaa, hakucheka. Picha ile ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza.

Ndiyo maana niliona wazi kinachoendelea, au nilidhani naona. Mtu mmoja tu nyumbani kwetu ndiye aliyewahi kuacha kutumwa, naye alikuwa amezikwa kando ya ua. Nikaanza kuhesabu dalili kichwani, kama mtoto anavyoweza. Kiti, tayari. Yai, tayari. Kisha Anti Rose akanipeleka Homa Bay. Alininunulia gauni la buluu na viatu vyeusi vilivyobana, akaniingiza kwenye chumba cha mpiga picha kilichonuka samaki wa jirani na poda ya watu, na yule bwana akaniambia nitazame mbele na nisicheke. Nilimuuliza Anti kwa nini nisicheke. Akasema ndivyo picha hii ilivyo. Kisha tukaenda hospitali, daktari naye akaniwekea chuma baridi kifuani akaniambia nivute pumzi, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaandika bila kunieleza kitu. Njiani kurudi Anti alininunulia soda nzima, peke yangu. Niliinywa huku machozi yananitoka, yeye akadhani ni gesi.

Tuliporudi akasema nimeshaiva kwa somo la mwisho, la kulala peke yangu. Mimi na binamu zangu tulilala na Dani siku zote, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule, na pumzi yake ya ugoro juu yetu. Chumba kilichokuwa kitupu ndani ya nyumba ile kilikuwa kimoja, kile kidogo alimofia Akoth. Walifagia, wakatandika shuka jipya, wakaniweka humo. Sikupiga kelele. Nililala nikiukodolea macho ukuta, nikisikia upande wa pili Dani akiwakemea binamu zangu waache kusukumana, na nilitamani kukemewa kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Upweke niliujua pale, kwa mara ya kwanza, watu wangu wote wakiwa nyuma ya ukuta wa udongo.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nimwambie nani? Na Akoth naye hakuambiwa. Watu wazima walimwambia atapona, atarudi kazini, atanunua cherehani. Mimi waliniambia nitapanda ndege. Nilidhani kila mgonjwa hupewa hadithi yake.

Kilichonimaliza kabisa ni kisa cha chakula kiitwacho nyoyo. Jirani yetu tulimwita Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, kwa sababu ndiko alikotoka kuolewa, mama Mkatoliki, mcheshi, mwenye simu ile tuliyotumia kuongea na Mama. Nilipita kwake akiwa anapakua nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka pamoja, akanikaribisha kama alivyonikaribisha maisha yangu yote. Kwetu hukatai. Hata ukiwa umeshiba hadi shingoni, unaonja kidogo, unashukuru, unaenda zako. Lakini mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilimtazama machoni, nikasema, "Hapana, asante," nikanyamaza. Mwiko wake ulibaki hewani. Alifunika sufuria, akavaa ndala, akanitangulia kwenda kwa Dani.

Dani alikuwa jikoni, chini ya yale mabati mapya ambayo Mama alikuwa ametuma yaezekwe msimu ule. Nyar Asumbi alisimama mlangoni akamuuliza ni lini sufuria yake ilianza kuwa na sumu. Alisema amemnyonyesha mtoto huyu siku mama yake alipokuwa mgonjwa, na leo mtoto huyu anamkazia macho kama mchawi. Mwacha mila ni mtumwa, alisema, na huyu bado hata hajafika huko utumwani. Nilingoja fimbo. Kusema kweli niliiomba. Nilijua pale ilipochomekwa, juu ya mlango, na nilimtazama Dani nikimsihi moyoni ainyooshee mkono.

Dani akasema, "Mwache. Huyu ni msafiri."

Alisema kwa sauti ya chini, ile ile aliyoitumia kwa Akoth. Nyar Asumbi akaniangalia, uso wake ukabadilika, akanivuta akanikumbatia, akaanza kulia. Hapo sikuwa na shaka tena. Nilikwenda chumbani kwangu, nikalala kifudifudi.

Asubuhi ya safari gari la kukodi la kutupeleka uwanja wa ndege Kisumu lilikuwa limeshafika. Wanawake wa kanisani walikuja, wakaniwekea mikono kichwani na kuomba. Nilivaa gauni la buluu. Nilivaa viatu. Kisha, wakati wote wakiwa nje wanafunga begi kwenye gari, nilirudi kwenye kile chumba nikakaa kitandani na sikutoka. Anti Rose aliita Emily mpaka akachoka. Mwisho akaja Dani. Alisimama mlangoni akinitazama, na mimi nikasahau masomo yote, nikainamisha macho chini kama mtoto wa watu.

Nikamuuliza, "Dani, mimi naumwa nini?"

Akauliza nani amesema naumwa.

"Hunitumi," nikasema. "Tangu lini hunitumi?"

Dani alikuja akakaa kando yangu, kitanda kikalia. Akatoa kopo lake la majani ya chai mbele yangu waziwazi, akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta macho kwa ncha ya leso na kuendelea kuyafuta hata baada ya chafya kwisha. Nikamwambia yote, kiti, yai, picha, chumba. Alitikisa kichwa polepole, mara kwa mara, kama mtu anayesikiliza hesabu na kuona ni kweli. Anti Rose alikuwa amemkataza kunituma nisije nikaanguka na jerikeni nikavunjika mkono, na safari ikavunjika nao. Hilo Dani aliniambia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima. Asubuhi ile hakunieleza lolote. Alisimama, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Nyieka," akasema, "chungu hakina maji. Chukua jerikeni uende. Na usisimame njiani."

Nilitoka mbio. Nilimsikia Anti Rose akilalamika kwamba dereva anangoja, mtoto ameshavaa, viatu vitaingia matope. Nilimsikia Dani akimjibu kwamba gari halina mdomo, litangoja. Nilishuka njia ya chemchemi na viatu vya Homa Bay vikinichubua visigino, nikapita kwa Nyar Asumbi nikamwamkia nikikimbia, nikajaza, nikajitwisha, nikapanda kilima maji yakinimwagikia mgongoni na kifuani. Sijawahi kubeba kitu chepesi kama kile. Dani alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Aliipokea jerikeni, akainyanyua, akaitikisa.

"Hujaijaza," akasema.

Akaimimina yote kwenye chungu, akachota kwa kata, akaninywesha. Niliingia garini gauni likiwa limenishika mwilini.

Hatukuagana. Wengine walilia na kupunga mikono, lakini Dani alikuja dirishani akainama, akanishika sikio kama anavyofanya akinipa ujumbe wa mbali, nisije nikausahau njiani. Alisema, "Mwambie mama yako jiko linavuja. Sikiliza anasemaje, kisha urudi uniambie."

Nililijua jiko lile. Lilikuwa limeezekwa juzi tu na halikuwa na tundu la kupita sindano. Lakini mtoto akitumwa hausahihishi ujumbe. Na niliposogea kwenye kiti nikaona jambo moja kwa akili yangu ndogo: Akoth hakuna aliyemwambia alete jibu. Gauni lilikuwa limekauka kabla hatujafika Kisumu.

Kule Uingereza nilimkuta Mama amevaa koti kubwa, mwanamke mwenye sauti niliyoijua na uso nisioujua. Aliponyoosha mikono, neno la kwanza nililomwambia ni kwamba Dani anasema jiko linavuja. Akacheka, akaanza kuniambia kwamba yale mabati alinunua yeye, kisha akaacha katikati. Akajifunika uso kwa kofia. Baadaye akasema, "Mwambie nimesikia." Nikapewa chumba changu, kizuri, chenye taa yangu. Anti Rose alikuwa hajakosea hata kitu kimoja. Watu waliniuliza habari, nikasema nzuri, wakapita. Mama alifanya kazi zamu za mchana na za usiku, maji yalitoka ukutani, moto haukuzimika, na hakukuwa na jirani wa kuombwa chumvi. Nilikaa miaka mingi katika nyumba ambamo hakuna aliyehitaji niende mahali, na nikalishika lile jibu kichwani nisilipoteze.

Nilirudi mara ya kwanza nikiwa msichana mkubwa, mrefu kumpita Dani. Watu walijaa, walinikalisha kwenye kiti, walileta soda. Dani alipenya katikati yao kwa fimbo, hakunisalimu wala hakuniuliza nilivyosafiri.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amesema amesikia."

"Umekawia," akasema, na akaninyooshea kidole kule ilikokuwa jerikeni.

Ndivyo alivyonipokea kila niliporudi, na kila nilipoondoka alinipa ujumbe wa kipuuzi wa kupeleka na jibu la kuleta. Mara ya mwisho ilikuwa nimuulize Mama kama bado anakumbuka kufuma vikapu. Jibu nililo nalo ni kwamba anakumbuka. Nilikuja nalo mwezi uliopita.

Baada ya maziko, watu walipoanza kupungua kwenye hema, niliiacha ile chupa chini ya kiti nikaenda nikachukua jerikeni ya njano jikoni. Mke wa binamu yangu akasema, "Anti, acha, wewe ni mgeni." Sikumjibu vibaya, nilimwambia tu nimetumwa. Nikashuka chemchemini, nikajaza mpaka ikamwagika, nikapanda nayo polepole kwa sababu shingo imezoea kukaa bure. Nikamimina kwenye chungu nyuma ya mlango. Kisha nikabaki nimesimama pale na jerikeni tupu mkononi, nikingoja mtu aniambie sijaijaza.